Mfuko Uliotangulia Kusafiri

Kawia ufike ni methali inayopendwa sana na wachelewaji. Mtu akikuta sahani za harusi zimekwisha kuoshwa, huitoa mdomoni kama cheti cha daktari. Wanachosahau ni nusu yake ya pili. Wahenga hawakusema kawia tu, walisema ufike, na kufika si kushuka stesheni. Mtu anaweza kushuka na mizigo yake yote, akapokewa na jamaa mlangoni, na bado akawa hajafika. Vaidehi aliyajua hayo kwa sababu yalikwisha kumpata.

Vaidehi na mumewe Raghunathan walikuwa Watamil waliohamia Delhi kwa ajili ya kazi ya mume. Walikuwa na watoto wawili, Yamini wa miaka sita na Sarvesh wa miaka mitatu. Pamoja nao aliishi Shangazi Alamelu, dada ya baba yake Raghunathan, mjane aliyekula chumvi nyingi na kuzijua saa zote njema na mbaya za juma. Kwao ni Kumbakonam, kusini kabisa, safari ya siku mbili kwa treni. Raghunathan alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa na fahari moja iliyowachosha wenzake: kwenda moja kwa moja. Kulala njiani, kwa maoni yake, kulikuwa kwa wagonjwa na kwa watu wasiojua kupanga mambo yao.

Miaka miwili nyuma walikwenda hivyo hivyo. Treni ilichelewa, maji yakaisha behewani, Sarvesh akashikwa na homa, na Yamini hakulala usingizi wa maana tangu walipoondoka. Walipofika, babu yao, Mzee Ramabhadran, alikuwa amesimama barabarani tangu asubuhi, amevaa shuka jeupe lililopigwa pasi. Alinyoosha mikono kumpokea mjukuu wake. Yamini alipiga kelele kama anayechinjwa, kisha akamuuma babu yake kifundo cha mkono mpaka damu ikatoka. Kwa muda wote wa likizo alijificha kila alipomwona. Mzee hakulalamika. Alikichukua kiti chake akakihamishia nyuma ya nyumba, karibu na banda la ng'ombe, ili mtoto acheze sebuleni bila hofu. Vaidehi alimwona huko mara nyingi, amekaa peke yake akitazama kwato za ng'ombe, na kila alipomwona alisikia aibu na huruma kwa pamoja.

Sasa mzee alikuwa akitimiza miaka themanini. Kwa desturi yao, aliyefika umri huo amekwisha kuona mwezi mpevu mara elfu. Hukalishwa na mkewe kwenye vigoda mbele ya ukoo mzima, na wana na wajukuu humwagia maji yaliyoombewa, yakipita kwenye chekeche juu ya kichwa chake. Raghunathan alimpigia simu kumwuliza angependa zawadi gani.

"Sina haja ya kitu," alisema mzee. "Yamini akinimwagia chungu cha kwanza, inatosha." Kisha akaongeza haraka, kama aliyejutia kuomba, "Akitaka lakini. Asilazimishwe."

Vaidehi aliyasikia maneno hayo naye, kwa kuwa simu ilikuwa wazi, na tangu hapo hakutulia. Alimwona Yamini akifika kwa macho mekundu na miguu iliyovimba, akiitwa mbele ya ukoo, akikataa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Alipiga moyo konde akamwambia mumewe kwamba safari hii wangeikata katikati, wateremke Nagpur, walale kucha, ndipo waendelee.

"Nagpur tuna nani?" Raghunathan aliuliza.

"Hatuna mtu. Ndiyo raha yake. Tungekuwa na ndugu pale tungetoka baada ya mwezi, tumevimbiwa."

"Treni ina vitanda, mama Yamini. Tunalala humo humo."

"Unalala wewe. Mimi nakesha nahesabu watoto."

Raghunathan alianza kueleza habari za gharama ya muda na jinsi kaka zake watakavyomcheka. Vaidehi alimwacha amalize. Kisha akasema, bila ukali, "Baba Yamini, baba yako hatatimiza themanini mara mbili."

Hapo mume akaenda kukata tiketi, vipande viwili: Jumanne jioni kutoka Delhi hadi Nagpur, Alhamisi kutoka Nagpur kuelekea kusini. Wangefika nyumbani Ijumaa jioni, na sherehe ilikuwa Jumamosi alfajiri. Ndugu wengine wote walitarajiwa kufika Alhamisi.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri, kama inavyokwenda sehemu ya kwanza ya kila safari. Watoto walikula wali wa ndimu, wakapanda na kushuka vitanda vya juu, wakawasalimu abiria wa behewa zima na kupewa biskuti na nusu yao. Asubuhi, wakati ule hasa ambapo uchovu huanza kuwageuza watoto kuwa mahasimu, Sarvesh akiwa amekwisha kumvuta dada yake nywele mara ya kwanza, treni iliingia Nagpur nao wakateremka. Walipata chumba katika nyumba ya wageni karibu na stesheni. Walioga, wakala chakula walichofunga kutoka nyumbani, na Vaidehi akaanza kuamini kwamba mambo yamenyooka.

Ndipo Shangazi Alamelu, nywele zikiwa bado zinadondoka maji, alipouliza wanaondoka lini. Alipoambiwa kesho, aliweka kitana chini.

"Kesho ni Alhamisi," alisema. "Alhamisi mtu haelekei kusini, ni nuksi."

Raghunathan alimkumbusha kwamba safari ilianza Jumanne, siku isiyo na tatizo. Shangazi alimweleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga vifungo, kwamba wangebaki ndani ya treni isingekuwa neno. Lakini wameshuka, wameoga, wamekula chini ya dari. Safari ya Jumanne imekwisha kuzikwa. Kesho ni safari mpya, na yeye hatawapeleka wajukuu wa kaka yake kusini siku ya Alhamisi, kwenye sherehe ya kaka yake mwenyewe. Wangojee Ijumaa.

"Ijumaa tutafika sherehe imekwisha, Shangazi," alisema Vaidehi.

"Basi tutafika salama."

Raghunathan alimtazama mkewe jicho la nilisema-mimi, na hilo lilimwuma Vaidehi kuliko maneno. Yeye ndiye aliyeikata safari. Kama mzee angekaa kwenye kigoda chake bila mjukuu, lawama ingekuwa yake, na hata angesamehewa na wote asingejisamehe. Alijua pia kwamba kubishana na Shangazi juu ya siku ni kutwanga maji kwenye kinu. Kwa hiyo hakubishana. Alikaa karibu naye, akamwomba kitana, akaanza kumchana nywele, na akamwuliza zamani watu walifanyaje, kama mtu amelazimika kusafiri siku mbaya, tuseme amefiwa.

Shangazi aliinamisha kichwa, kwa sababu alipenda kuchanwa. Baadaye alisema, "Mfuko hutangulia."

Akaeleza. Mtu akijua kesho ni siku mbaya, leo katika saa njema huchukua mfuko wake na kuupeleka nyumba nyingine, upande ule anaoelekea. Mfuko ukishavuka kizingiti, safari imeanza. Kesho yake mwenyewe anaupitia tu na kuendelea na njia. Kadiri alivyoeleza ndivyo sura yake ilivyochangamka, na mwisho alisimama akafunga nywele, maana saa njema ya siku hiyo ilikuwa haiko mbali. Hakutaka msaada wa mtu. Alipanga mfuko mdogo kwa mikono yake, akatoka, akafuata uchochoro wa kusini mpaka kwenye ua wa mama mmoja aliyekuwa akichambua machenza na kuyapanga kwenye makasha.

Mama huyo aliitwa Godavari. Kihindi cha Shangazi kilikuwa cha kuombea chumvi tu, miaka yote ya Delhi hakikupita hapo, lakini alionyesha mfuko, akaonyesha kusini, akaonyesha jua, na Godavari akaelewa bila taabu, kwa kuwa desturi hiyo hata kwao ipo. Aliupokea kwa mikono miwili akauweka juu ya kigoda kando ya mlango wake. Shangazi alirudi akiwa na furaha ya mtu aliyeamua kesi.

Furaha hiyo ilidumu mpaka watoto walipotakiwa kulala mchana. Sarvesh alikuwa na kitambaa, kipande cha sari kuukuu ya mama yake, ambacho alikishika sikioni ili apate usingizi. Bila hicho halali, hata umwimbie mpaka koo likauke. Vaidehi alikitafuta kitandani, chini ya kitanda, kwenye kikapu cha chakula. Kisha alimgeukia Shangazi, na Shangazi akaangalia dirishani.

"Mfuko lazima uwe na kitu kinachopendwa," alisema mzee huyo. "Nguo chafu hazimvuti mtu."

Sarvesh alielewa kwamba kitambaa kimekwenda safari bila yeye, akaangua kilio. Kilio cha mtoto wa miaka mitatu aliyekosa usingizi huwa hakina adabu. Wapangaji wa vyumba vya jirani walianza kugonga ukuta. Yamini naye, ambaye alikuwa amekwisha kusinzia, aliamka akalia kwa sababu mwenzake analia. Vaidehi aliziona zile nyuso mbili zimevimba na kulowa, na alizitambua. Zilikuwa nyuso zile zile za miaka miwili nyuma.

Raghunathan alivaa kandambili. "Naenda kuuchukua."

Shangazi alisimama mlangoni. "Ukiurudisha mfuko, safari imerudi. Mtu anayerudi kabla hajafika hana safari tena."

"Shangazi, mfuko umekwenda nyumba ya tatu tu."

"Umekwenda kusini," alisema Shangazi, na hakusogea.

Vaidehi alitaka kulia na kucheka, akashindwa kuchagua. Alimbeba Sarvesh begani, akamshika Yamini mkono. "Mfuko haurudi," alisema. "Sisi ndio tutaufuata."

Shangazi alilipima neno hilo kwa muda, hakuona kosa ndani yake, akapisha. Wote watano wakashika uchochoro, Sarvesh akilia njia nzima, mpaka uani kwa Godavari. Mwenyeji hakuuliza maswali mengi. Aliona mtoto, akaona mfuko, akavuta kitanda cha kamba kivulini kando ya kile kigoda. Vaidehi alikitoa kitambaa mfukoni, Sarvesh akakishika sikioni, na kabla mama yake hajainua mgongo alikuwa amelala.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema Waswahili, na Godavari aliishi kana kwamba alilelewa Uswahilini. Wanawe walikuwa wamekwisha kuoa na kuhamia mbali, na ua wake ulikuwa mkubwa kuliko sauti zilizokuwamo. Alileta chai. Akaleta mikate ya mtama na uji mzito wa dengu wenye pilipili. Shangazi, ambaye kwa nadhiri za ujane wake hakuwa akila chakula cha jiko la nje, alikula machenza tu, akisema ganda lake limefungwa na Mungu mwenyewe. Raghunathan mwanzoni alisimama kando akitazama saa kama anayengoja basi. Baada ya kikombe cha pili alikaa. Baada ya muda mfupi alikuwa amelala amekaa, mdomo wazi, na kuku wa Godavari akimzunguka miguuni.

Yamini alipewa kazi ya kuyatenga machenza yenye majani na yasiyo na majani. Aliifanya kwa makini, mama yake akimsaidia, na jua likaanza kulegea. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi wawili hao kukaa bila mtu kuwahimiza. Mtoto alimaliza fungu moja akaanza la pili. Halafu, bila kuinua kichwa, aliuliza, "Mama, babu bado anaumwa mkono?"

Mikono ya Vaidehi ilisimama. Hakuwahi kujua kwamba mtoto anakumbuka.

"Haumwi. Ulipona zamani."

"Ana kovu?"

"Sijui. Utamwangalia mwenyewe."

Yamini alilitoa chenza moja kwenye fungu la majani akalirudisha. "Sikumchukia," alisema. "Nilikuwa na usingizi."

Vaidehi alimvuta akampakata, machenza yakatawanyika, na akalia kidogo, ingawa alimwambia mtoto ni ganda la chenza limemrukia jichoni. Miaka miwili mtoto wake alikuwa amebeba neno hilo, na likizo ile alijificha si kwa kumwogopa babu bali kwa kumwonea haya, na hapakupatikana saa moja tulivu ya kulitoa. Alimwambia kwamba babu hana hasira, hata tone, na kwamba anamngoja. Yamini alisikiliza, akauliza kama ng'ombe naye yupo, akaambiwa yupo na amezaa. Basi akarudi kwenye kazi yake.

Jioni Godavari aliwakataza kurudi nyumba ya wageni. Alitoa hoja kwamba mfuko wao umelala kwake, na haifai mfuko upate ukarimu kuliko wenyewe. Shangazi alimwunga mkono kwa nguvu. Walilala hapo, wote, usingizi mnono wa watu waliokwisha kuondoka lakini hawana pa kukimbilia. Kesho yake waliondoka kwa shida, kwani mwenyeji aliwasindikiza mpaka stesheni na kasha la machenza, akidai wakirudi wapitie tena wakae juma zima. Vaidehi aliyejisifu kwamba Nagpur hawana ndugu alipanda treni akiwa ameachiwa dada.

Sehemu ya pili ya safari haikuwa na hadithi, na hiyo ndiyo sifa yake. Watoto walikula, walicheza, waligombana kwa kiasi cha kawaida, wakalala. Ijumaa jioni walifika Kumbakonam na kukuta ukoo wote umekwisha kukusanyika. Kaka zake Raghunathan walimwuliza kwa kejeli kama alikuja kwa mkokoteni wa ng'ombe. Raghunathan aliwajibu kwamba kusimama njiani ulikuwa mpango wake tangu mwanzo, kwa ajili ya afya ya watoto, na Vaidehi akatia pamba masikioni.

Mzee Ramabhadran hakuja barabarani safari hii. Alisimama mbali kidogo, kwenye nguzo ya baraza, mikono ameifungia nyuma ya mgongo. Aliwasalimu watoto kwa kutikisa kichwa tu na kuwasifu kwa kukua, akaingia ndani mapema, na Vaidehi akajua kwamba mzee anaogopa.

Alfajiri ya Jumamosi mzee na mkewe walikalishwa kwenye vigoda uani, wamevishwa mashada ya maua. Vyungu vilijaa maji, makuhani walisoma sala zao, na mabinamu wakubwa wawili walishika chekeche juu ya vichwa vya wazee. Jina la Yamini likaitwa. Alitoka katikati ya watu na chungu kidogo mikononi, akiwa amevaa sketi ya hariri, macho yake mazima, hatua zake za mtoto aliyelala akashiba usingizi. Alipofika mbele ya babu yake alisimama. Hakumwaga. Watu walingoja, kuhani akakohoa.

"Babu," alisema Yamini, "nione mkono."

Mzee alimtazama kwanza. Kisha alitoa mkono wake wa kulia polepole, akaugeuza. Yamini aliweka chungu chini, akakishika kifundo, akakikagua kila upande kama daktari. Palikuwa na alama ndogo nyeupe. Aliipapasa kwa kidole.

"Nilikuwa na usingizi," alimwambia.

"Najua," alisema mzee. "Mimi pia nikiwa na usingizi huwa mkali. Mwulize bibi yako."

Bibi alithibitisha, na watu wakacheka. Yamini aliokota chungu chake. Lakini alipokiinua aliona maji yatampata babu machoni, maana chekeche haichagui pa kudondoshea, basi akamwamuru afumbe. Mzee akafumba. Mtoto akaweka kiganja chake cha kushoto kwenye paji la uso la babu yake, akilikinga kama mama yake anavyomkinga akimwosha nywele, na kwa mkono wa kulia uliotetemeka kwa uzito akamimina mpaka chungu kikaisha. Maji yalimteremkia mzee mabegani na kulowesha mashada. Alikuwa akitabasamu, lakini macho hakuyafumbua. Alingoja mpaka Yamini alipomwambia, "Tayari, babu," na kukaa mapajani mwake na maji yake yote.

Walikuwa wamechelewa kwa siku moja kuliko ndugu zao, na kwa miaka miwili kuliko walivyodhani, lakini asubuhi ile, mbele ya macho ya ukoo mzima, walikuwa wamefika. Kawia ufike.